Je, Wajua? Presha ya Kupanda na Safari ya Chini ya Bahari

Kila msimu bahari inapotulia na maji kuwa maangavu, watu hushuka na mitungi ya hewa migongoni kwenda kutazama matumbawe ya Mnemba, Mafia, Kisite na Watamu. Miongoni mwao wamo wenye presha ya kupanda. Wengine wanaijua na wanameza vidonge kila asubuhi. Wengine hawajawahi kupimwa. Je, mtu mwenye presha anaweza kupiga mbizi salama? Wengi wanaweza, lakini kwa masharti, na masharti hayo yana sababu ambazo wengi wetu hatukuzitarajia. Hizi hapa baadhi yake.

1. Kina cha bahari peke yake hakipandishi presha ya damu

Mtu akisikia kwamba maji ya chini yana mgandamizo mkubwa, hudhani presha yake nayo itapanda kadiri anavyoshuka. Sivyo. Hapa juu, hewa hutukandamiza kwa nguvu ya milimita 760 za zebaki. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban kiasi hicho hicho: mita 10 chini mgandamizo ni kama 1,520, mita 20 ni 2,280, na mita 30 ni 3,040. Lakini zile namba anazoandika muuguzi, tuseme 120/80, hazihesabu mgandamizo wote ulio mwilini. Zinahesabu ni kwa kiasi gani damu imezidi mgandamizo wa mahali ulipo. Maji hubana mwili wote kwa pamoja, damu na nyama, na hewa inayotoka mtungini humfikia mpiga mbizi kwa mgandamizo ule ule wa maji yanayomzunguka. Kwa hiyo ile tofauti hubaki palepale, na kina hakina sehemu yake katika 120/80.

2. Presha ya 160 imezidi ya 120 kwa nusu mita tu ya maji

Milimita 40 za zebaki ni sawa na mgandamizo unaoongezeka ukizama kiasi cha nusu mita. Mtoto anayejifunza kuogelea hupata zaidi ya huo. Mbona basi milimita hizo hizo zinaharibu figo, macho na moyo? Kwa sababu maji humbana mtu pande zote sawasawa, ilhali presha ya kupanda husukuma kuta za mishipa kutoka ndani, usiku na mchana, kwa miaka, na nje hakuna kinachoisukuma kurudi. Moyo unaopiga kazi dhidi ya mzigo huo hatimaye hunenepa misuli yake ya upande wa kushoto. Moyo wa namna hiyo ndio unaowatia madaktari wa wapiga mbizi wasiwasi kuliko namba moja iliyosomwa siku moja.

3. Miongoni mwa wanyama wa kwanza kujulikana kupimwa presha alikuwa farasi

Kasisi Mwingereza Stephen Hales alichomeka mrija katika mshipa wa farasi, akaunganisha bomba refu la kioo, akaona damu ikipanda hadi kimo cha karibu mita 2.5. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1733. Binadamu alisubiri sana kupata njia ya upole zaidi. Mwaka 1896 Mtaliano Scipione Riva-Rocci alitoa kipimo cha mkanda unaojazwa upepo mkononi, na mwaka 1905 daktari Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza sauti zinazosikika mkanda huo unapolegezwa. Namba mbili unazoandikiwa zahanati leo, ya juu na ya chini, zinatokana na kazi ya hao wawili.

4. Maji hufanya miguuni mwako kazi ya ngozi ya twiga

Twiga ana presha inayokaribia maradufu ya ya binadamu, maana damu yake lazima ipande shingo lote hadi kichwani. Miguu yake haivimbi kwa sababu ngozi ya huko chini ni nene na imebana kama soksi. Nawe ukiingia majini hadi shingoni, maji hukubana miguu na tumbo kwa namna hiyo. Damu iliyokuwa imetulia kwenye mishipa ya miguuni, kiasi cha nusu lita hivi au hata zaidi, husukumwa kuelekea kifuani. Moyo hujaa na kutanuka, na mishipa ya mapafu hubeba mzigo mkubwa kuliko ule wa nchi kavu. Jambo hili humpata kila mtu, awe na presha au asiwe nayo, na hutokea hata kabla hajashuka mita moja. Moyo laini huupokea mzigo huo bila shida. Moyo uliokakamaa kwa presha ya miaka mingi hupata taabu kuupokea.

5. Moyo nao hutoa homoni, ndiyo maana mpiga mbizi hubanwa na mkojo

Vyumba vya juu vya moyo vinapotanuka hutoa homoni inayoziamuru figo zimwage chumvi na maji. Mtafiti Adolfo de Bold na wenzake waliifichua siri hiyo mwaka 1981, walipowadunga panya dondoo ya misuli ya vyumba hivyo na kuona mkojo wao ukiongezeka ghafla. Mwili unadhani damu imezidi, kumbe imehama tu kutoka miguuni. Mpiga mbizi hutoka majini akiwa amepungukiwa na maji mwilini, na upungufu huo humweka karibu zaidi na ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni, ule unaowapata wanaopanda haraka. Sasa fikiria mtu ambaye tayari anameza dawa ya presha inayoongeza mkojo. Chini ya jua la Januari, ndani ya mashua, upungufu huo huanza mapema.

6. Baridi ndiyo inayopandisha presha, hata katika Bahari ya Hindi

Ukitia uso kwenye maji ya baridi huku umezuia pumzi, moyo hupunguza mapigo, mishipa ya mikono na miguu hujikaza, na presha hupanda. Sili na nyangumi wana uwezo huo kwa kiwango kikubwa mno. Mwaka 2019 wanasayansi waliripoti nyangumi wa buluu ambaye moyo wake ulishuka hadi mapigo mawili kwa dakika alipokuwa kilindini. Mpiga mbizi wa mtungi haruhusiwi kuzuia pumzi, lakini baridi humpata vilevile. Maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa, maana hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ndiyo sababu hata maji ya nyuzi 27 yanaweza kumtetemesha mtu baada ya saa moja. Oksijeni nayo, inapovutwa kwa mgandamizo mkubwa, hufanya mishipa ijikaze. Suti nzuri ya mpira kwa mwenye presha ni kinga, si pambo. Ila isibane shingo: kola inayokaba hubonyeza mishipa ya shingoni, na mapigo ya moyo yanaweza kushuka hadi mtu akazimia.

7. Mapafu yanaweza kujaa maji bila mtu kumeza hata tone la bahari

Hili ndilo la kukumbuka kuliko yote. Damu ikijazana kifuani, mishipa ikajikaza kwa baridi, na mtu akalazimika kuvuta pumzi kwa nguvu, mgandamizo ndani ya vishipa vyembamba vya mapafu huzidi uwezo wake. Maji ya damu huvuja na kuingia kwenye vifuko vya hewa. Mtu huanza kuhema bila sababu, hukohoa, huhisi kifua kinakoroma, na pengine hutoa makohozi ya povu la rangi ya waridi. Wengi hudhani kifaa chao cha kupumulia kimeharibika. Mwenye presha ya kupanda, mwenye umri mkubwa na mwenye historia ya tatizo hili wako hatarini zaidi. Kupanda juu na kutoka majini ndiyo tiba ya kwanza. Kisha mtu akalishwe wima, apewe oksijeni na apelekwe hospitali. Asirudi majini siku hiyo hata akijiona mzima, na asirudi tena kabisa kabla ya kuchunguzwa moyo.

8. Tatizo hilo linaweza kutangulia presha yenyewe

Mwaka 1989 daktari wa moyo Peter Wilmshurst na wenzake nchini Uingereza waliandika katika jarida la Lancet kuhusu watu 11 waliojaa maji kwenye mapafu wakiwa wanapiga mbizi au kuogelea. Mioyo yao ilipopimwa haikuonyesha ugonjwa. Walipofuatiliwa kwa miaka, kadhaa wao walipatikana na presha ya kupanda. Maana yake, kwa baadhi ya watu bahari hutoa taarifa kabla ya mkanda wa zahanati. Aliyewahi kuhema vibaya majini bila sababu ya wazi asiseme “nilichoka tu”.

9. Kunywa maji mengi mno nako kuna hatari

Wapiga mbizi huambiwa wanywe maji, na ni sawa. Lakini mwaka 1995 jarida la BMJ lilichapisha taarifa ya vijana wanane wa Israel, wenye afya na mazoezi, waliokunywa kiasi cha lita tano za maji kabla ya kuogelea kilomita 2.4. Wote walipata maji kwenye mapafu. Kunywa kidogo kidogo tangu jana yake ni salama kuliko kubugia chupa baada ya chupa mashua ikiwa tayari imetia nanga.

10. Dawa moja ya presha ilianzia kwenye sumu ya nyoka

Nyoka wa Brazil aitwaye jararaca humwangusha mnyama kwa kushusha presha yake. Mwanasayansi Mbrazili Sérgio Ferreira alieleza kiini cha kazi hiyo mwaka 1965, na kutokana na njia hiyo ikapatikana captopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Dawa za familia yake, kama enalapril na lisinopril, hazimzuii mtu kupiga mbizi. Kero yake ni kikohozi kikavu kinachowapata baadhi ya watumiaji. Kukohoa mita 18 chini ni usumbufu, na zaidi ya hapo kunaweza kuficha ile dalili ya mapafu kuvuja. Anayekohoa hubadilishiwa dawa, mara nyingi kwa losartan au nduguze.

11. Kidonge kinaweza kuufunga moyo spidi

Dawa kama atenolol na propranolol hushusha presha kwa kuuzuia moyo usiende mbio. Ufukweni hilo ni jema. Mkondo ukikushika kwenye mlango-bahari wa Pemba na ukalazimika kupiga miguu kwa nguvu, unahitaji moyo uongeze mwendo, nao hauwezi kufika unapotaka. Wenye pumu huweza pia kubanwa kifua na dawa hizo. Kumbuka kwamba mita 30 chini hewa ni nzito mara nne kuliko juu, na uwezo wa kuivuta na kuitoa kwa kasi hupungua hadi karibu nusu. Ndiyo maana madaktari wengi wa wapiga mbizi hupenda kumpima mtu akikimbia kwenye mashine kuliko akiwa amekaa kitini. Baadhi hutaka awe na nguvu za kufanya kazi inayotumia oksijeni mara kumi ya ile anayotumia akiwa amepumzika.

12. Hatari ya kizunguzungu huwa kwenye ngazi ya mashua

Amlodipine na dawa nyingine zinazolegeza mishipa hufanya kazi vizuri majini, kwa kuwa maji yanakusaidia kubana miguu. Ukitoka, msaada huo hukatika mara moja. Damu hurudi miguuni, presha hushuka, na wewe uko kwenye ngazi inayoyumba, mgongoni umebeba mtungi. Mpe nahodha vifaa vyako kabla ya kupanda, tulia kwenye ngazi, na kaa chini ukishafika ndani. Dawa mpya ya presha nayo isianzwe wiki ya safari. Ipe wiki kadhaa nchi kavu ujue inavyokutendea.

13. Dawa ya mafua inaweza kuharibu kazi ya dawa ya presha

Mafua huziba masikio, na masikio yaliyoziba hayamruhusu mtu kushuka. Wengine hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuzibua pua. Vingi vina pseudoephedrine, ambayo hukaza mishipa ya damu na kupandisha presha. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen nazo huweza kuipandisha na kupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya presha. Mafua yanapokushika, ahirisha. Matumbawe yatakungoja.

14. Korea Kusini wapo bibi wanaopiga mbizi, na miili yao inaonyesha jambo kuhusu presha

Wanawake wa kisiwa cha Jeju waitwao haenyeo huzama bila mtungi kutafuta konokono wa baharini na mwani. Utamaduni wao uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2016, na wengi wa waliobaki ni wazee. Mwaka 2025 kundi la watafiti akiwemo Melissa Ilardo lilieleza kwamba wakazi wa Jeju wana kwa wingi tofauti fulani ya kijeni, kuliko Wakorea wa bara, inayohusiana na ile namba ya chini ya presha kutopanda sana mtu anapozama. Kupunguza mapigo ya moyo, kwa upande mwingine, kulionekana kutokana na mazoezi ya maisha yote. Huko nyuma, mwaka 2018, Ilardo na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba Wabajau wa Indonesia wana wengu kubwa kwa karibu nusu zaidi kuliko jirani zao wasiopiga mbizi. Sisi wengine hatukuzaliwa na zawadi hizo. Tunategemea kipimo na daktari.

15. Moyo ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa wapiga mbizi

Papa ndiye anayeogopwa, lakini takwimu zinaelekeza kwingine. Watafiti wa Divers Alert Network, shirika lililoanzia Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, walichambua vifo 947 vya wapiga mbizi wa burudani vilivyotokea kati ya 1992 na 2003. Pale chanzo cha madhara kilipoweza kutambuliwa, matukio ya moyo yalikuwa karibu robo, yakifuata kukosa hewa na mapovu ya hewa kuingia kwenye damu. Ugonjwa wa moyo mara nyingi huanza na presha isiyotibiwa. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya kupanda, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui.

16. Kujibu “ndiyo” kwenye fomu si marufuku

Kabla ya kozi, mwanafunzi hupewa fomu ya afya. Ile inayotumika sana tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020 humuuliza kama amezidi miaka 45, na akikubali huulizwa kuhusu sigara, lehemu na presha. Jibu la “ndiyo” humpeleka kwa daktari, ambaye anaweza kumruhusu. Wapo wanaojaza “hapana” kote ili wasikose safari waliyoilipia. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kilio humfichua. Mwalimu wa mbizi akijua hali yako atakupangia maji matulivu, kina kifupi na mwenzako mzoefu. Asipojua, hawezi kukusaidia.

17. Gumba likielekea juu, maana yake si “safi kabisa”

Chini ya maji ishara hiyo humaanisha “tupande”. Mambo yakiwa sawa, mpiga mbizi huunganisha gumba na kidole cha shahada kufanya duara. Na kanuni ni kwamba yeyote anaweza kuamua mbizi iishe, bila kutoa sababu. Mwenye presha aitumie haki hiyo mapema, pumzi inapoanza kumpotea na si baada ya kukata. Apande taratibu, mita tisa kwa dakika au chini ya hapo.

18. Namba moja ya kliniki inaweza kukudanganya

Wapo ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu daktari aliyeshika fomu. Wengine hupimwa wakiwa wamepanda ngazi mbio, kibofu kimejaa, wakipiga soga. Pima nyumbani kwa siku kadhaa. Keti dakika tano, egemeza mgongo, miguu yote chini, mkono ulale usawa wa moyo, usizungumze, na usiwe umekunywa kahawa ndani ya nusu saa iliyopita. Andika kila kipimo, umpelekee daktari karatasi nzima.

Basi, mwenye presha ashike haya. Presha iwe imetulia chini ya 140/90, au chini zaidi kama daktari wako alivyokuwekea. Moyo, figo na macho viwe vimechunguzwa na kuonekana havijadhurika. Dawa iwe ile uliyoizoea, na usiruke dozi siku ya mbizi ukidhani unajilinda. Mwili uweze kupanda ngazi kadhaa za ghorofa bila kuhema ovyo. Siku ambayo kipimo kimekataa, au mkondo ni mkali, au hujalala vizuri, kaa mashuani. Na wewe ambaye hujawahi kupimwa, huu usiwe ushauri wa wengine tu: kabla ya kulipia mbizi, nenda kwanza kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapime presha.